Malkia wa Dinari: Ulezi, Ardhi na Mali katika Karata ya Taroti

Utangulizi

Miongoni mwa karata 78 za taroti ipo moja ambayo wafasiri wake hawatofautiani sana. Ni karata ya malkia wa kundi la sarafu, kundi ambalo katika Kiingereza cha leo huitwa Pentacles. Maelezo yake aghalabu huwa mafupi: mama mlezi, mwanamke wa ardhi, mwenye nyumba isiyokosa chakula, mkono mkunjufu na bustani inayostawi. Anayetumia karata hizi kubashiria, karata hii inapomtokea, humwambia mteja wake kwamba yupo mwanamke anayemtunza, au kwamba umewadia wakati wa yeye mwenyewe kuwatunza wengine.

Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo ni kweli nusu, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Iwapo ubashiri wenyewe una ukweli au hauna si suala linaloshughulikiwa hapa. Msimamo wa dini kuu kuhusu upigaji ramli na mambo yanayofanana nao unajulikana. Linaloshughulikiwa ni karata kama ishara: imechorwa na nani, imeelezwa na nani, na maana yake imehama vipi kutoka kalamu moja hadi nyingine. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili si geni kama linavyoonekana, kwa kuwa lugha hii imehifadhi sehemu ya historia ya karata ambayo Kiingereza kimeisahau.

Dinari, uru na turufu

Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka ulimwengu wa Kiislamu. Seti ya karata za Wamamluki wa Misri iliyohifadhiwa katika kasri la Topkapi mjini Istanbul ina makundi manne: dirhamu, vikombe, panga na magongo ya mchezo wa polo. Vyeo vyake ni mfalme na manaibu wake wawili, navyo vimeandikwa kwa maneno bila sura ya mtu. Malkia hamna. Ni bayana basi kwamba malkia ni mgeni aliyekaribishwa mezani Ulaya, baada ya sarafu zenyewe kwisha kufika.

Waitalia waliyaita makundi hayo denari, coppe, spade na bastoni: sarafu, vikombe, panga na fimbo. Kaskazini mwa Italia, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, ziliongezwa karata nyingine zenye picha ambazo zilikuwa na uwezo wa kuzila zile za kawaida. Ziliitwa trionfi. Huo ndio mwanzo wa taroti, na ulikuwa mwanzo wa mchezo. Madai kwamba karata hizi ni hekima ya siri ya makuhani wa Misri yalitolewa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, bila ushahidi wowote. Mwanafalsafa Michael Dummett, katika utafiti wake wa mwaka 1980, alionyesha kwa kina kwamba watu walicheza taroti kwa karne kadhaa kabla ya ubashiri kuenea. Mchezo huo ungali hai Ufaransa, Austria na Italia.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiyasikia majina hayo ya Kiitalia hawezi kukosa kutabasamu. Neno karata limetoka katika Kireno. Kopa ni copas, yaani vikombe. Shupaza ni espadas, yaani panga. Pao, au pau, ni paus, yaani magongo. Na uru ni ouros, yaani dhahabu. Turufu ni trunfo, neno lenye asili moja na trionfi. Mwingereza akiitazama karata ya kopa huona moyo na kuiita moyo. Mchezaji wa Lamu au Mombasa huona moyo uleule na kuuita kikombe, pengine bila kujua kwamba anataja chombo kilichokuwa kwenye karata za Wamamluki. Majina haya, ambayo huenda wengi wa wanafunzi wa leo wanayafahamu kutoka kwenye kamusi tu, ni hazina.

Kundi la sarafu lina fungu lake katika hazina hiyo. Denari ya Kiitalia imetokana na denarius ya Kilatini, sarafu ya Warumi. Neno hilohilo lilipita katika Kigiriki na kuingia Kiarabu likawa dinar, na kutoka hapo likaja kwetu likawa dinari. Kwa hiyo, mfasiri anayetafuta jina la malkia huyu hana haja ya kubuni. Makala haya yatamwita Malkia wa Dinari.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba sarafu iligeuzwa. Wanachama wa Golden Dawn, chama cha siri kilichoasisiwa London mwaka 1888, waliitazama kama hirizi ya mviringo yenye nyota ya pembe tano, kitu ambacho Mswahili angekiita talasimu. Mabadiliko hayo si madogo. Sarafu hutumiwa na kupita mkononi. Talasimu huwekwa, hutazamwa na hutumainiwa. Picha inayojadiliwa hapa imesimama katikati ya vitu hivyo viwili.

Picha ya mwaka 1909

Seti inayofahamika zaidi ulimwenguni ilichapishwa London mwishoni mwa mwaka 1909 na kampuni ya William Rider & Son. Aliyetoa mwongozo ni Arthur Edward Waite. Aliyechora ni Pamela Colman Smith, mwanachama mwenzake wa Golden Dawn. Smith alizaliwa London mwaka 1878, akaishi sehemu ya utoto wake Jamaica, akasomea sanaa Brooklyn, na mwaka 1899 akachapisha kitabu cha ngano za Anansi alizozipata Jamaica. Ngano hizo, kama ijulikanavyo, zilivuka bahari pamoja na Waafrika wa magharibi waliouzwa utumwani.

Katika karata za kale za Ufaransa, malkia wa kundi hili ni mwanamke mwenye taji aliyeinua sarafu moja mkononi, na basi. Smith alimjengea ulimwengu. Malkia ameketi kwenye kiti cha enzi cha jiwe, lakini kiti hicho kipo nje, juu ya nyasi. Mkono wa kiti umechongwa kichwa cha mbuzi. Kwingineko kuna matunda na sura ya mtoto. Mawaridi mekundu yametengeneza upinde juu yake, maua yamejaa miguuni, na kwenye pembe ya chini yupo sungura. Mbali kuna milima ya buluu chini ya anga ya manjano. Malkia amevaa vazi jekundu, na shela ya kijani inateremka kutoka kwenye taji. Sarafu kubwa ameipakata kwa mikono miwili. Ameinama, anaitazama.

Kitenzi kupakata hakikuchaguliwa kwa bahati. Kiswahili hukitumia hasa kwa mtoto anayewekwa mapajani, na hakuna kitenzi kinachofaa zaidi kwa mkao wa malkia huyu. Mumewe, Mfalme wa Dinari, ameweka sarafu gotini kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika fimbo ya enzi. Nyuma yake kuna ngome. Malkia hana fimbo wala ngome. Mikono yake yote miwili ina kazi.

Wanaoona ulezi katika karata hii huuonyesha kwa sungura, kwa kuwa katika mapokeo ya Ulaya sungura ni ishara ya uzazi. Msomaji aliyekua akisimuliwa hila za Sungura dhidi ya Fisi atataka kuuona ujanja badala ya uzazi, na hapo atakuwa amekumbana na lile walilolisisitiza wanaisimu tangu Saussure: uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu, hukubaliwa na jamii. Lakini ushahidi wenye nguvu zaidi wa ulezi si mnyama yule pembeni. Ni mkao. Na jambo ambalo wafasiri wengi hulipita ni kwamba mtoto pekee katika picha nzima ni wa jiwe. Malkia huyu halei mtoto; analea sarafu, au analea kwa sarafu.

Mbuzi naye anahitaji neno. Katika mfumo wa Golden Dawn, malkia huyu alipewa sehemu ya anga inayoanzia mwishoni mwa buruji ya Kausi na kuchukua nyuzi 20 za kwanza za Jadi, yaani buruji ya mbuzi. Majina haya ya falaki Waswahili wanayo kutoka Kiarabu tangu zamani, kwa hivyo msomaji wa pwani anayeijua falaki anaweza kumtambua mbuzi yule bila msaada wa kitabu cha Kiingereza. Mbuzi hupanda mawe, hula penye uhaba, naye hunenepa. Utajiri wa karata hii si wa kurithi tu.

Akili iliyopotea njiani

Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kwamba picha hubeba maana nyingi zinazoelea, na kwamba maneno yanayoandamana nayo huitia nanga ili isomwe upande mmoja. Historia ya Malkia wa Dinari ni historia ya nanga mbili.

Nanga ya kwanza ni ya Waite mwenyewe. Katika kitabu chake The Pictorial Key to the Tarot, kilichochapishwa mwaka 1911, anamweleza malkia huyu kuwa mwenye ukuu wa nafsi na uso wa akili iliyo makini, anayeitafakari ishara yake na pengine kuona malimwengu ndani yake. Maana za kubashiria anazozitaja ni utajiri, ukarimu, fahari, usalama na uhuru. Katika nyongeza anataja zawadi kutoka kwa jamaa tajiri, na ndoa yenye mali na furaha kwa kijana wa kiume. Msomaji atafute katika orodha hiyo neno la ulezi, la watoto, au la jikoni. Hatalipata. Atapata uhuru, ambao kwa mwanamke wa Uingereza wa mwaka 1911, asiyekuwa hata na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge, halikuwa neno jepesi.

Waite anasema pia kwamba ni mwanamke mwenye weusi. Hapa mfasiri ajihadhari. Katika desturi ya ubashiri wa karata Ulaya, watu wa kila kundi walitofautishwa kwa rangi ya nywele na ngozi, weupe kwa weusi, na wote walikuwa Wazungu. Kumwita malkia huyu mwanamke mweusi bila ya maelezo ni kumpa msomaji wa Kiswahili picha ambayo mwandishi hakuikusudia.

Nanga ya pili ilishushwa mwaka 1944 na Aleister Crowley, ambaye naye alipitia Golden Dawn kabla ya kukorofishana na wenzake. Kitabu chake cha mwaka huo kiliambatana na picha mpya zilizochorwa na Frieda Harris. Malkia wa Harris ameketi akitazama nyuma, kwenye jangwa ambalo mto umeanza kulirutubisha. Crowley anawasifu watu wa karata hii kwa upendo na wema mwingi. Ni wanyamavu, wachapakazi, watu wa vitendo na wa nyumbani. Kisha anatia neno: hawana akili nyingi, ila silika yao inawatosha.

Linganisha. Mwaka 1911 malkia ana akili makini na yu huru. Mwaka 1944 ni mtu wa nyumbani na silika inamtosha. Picha ya Smith haikubadilika hata mstari mmoja katika miaka hiyo 33, na mwanamke aliyemo bado ameinama akitafakari. Lakini vitabu vingi vya mwongozo vilivyofuata vilichukua unyumba wa Crowley na ukarimu wa Waite, vikauacha uso wa akili pale ulipo. Ndivyo alivyozaliwa mama mlezi wa karata, mwenye mkate motoni na kucha zenye udongo. Ni sura ya kupendeza. Tatizo lake ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba kulea ni jambo la moyo na mikono tu, lisilohitaji hesabu.

Maji ya ardhi

Utetezi wa dhana ya ulezi unaweza kutolewa, na ni wa haki kuutoa. Katika mfumo wa Golden Dawn, malkia wote wanne huhusishwa na maji, na kundi la sarafu huhusishwa na ardhi. Kwa hiyo karata hii ni maji ya ardhi. Waandishi wa Kiingereza huhangaika kidogo na fumbo hili, wakitaja mara bonde lenye rutuba, mara tope la kingo za mto. Kiswahili kinalo tayari, tena katika methali inayohusu malezi yenyewe: udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi anayeisema methali hiyo anajua kwamba udongo uliokauka haufinyangiki na uliozidi maji hausimami. Ulezi kwake ni suala la kipimo na wakati, na vyote viwili hudai akili.

Fauka ya hayo, lugha yetu hutenganisha uzazi na ulezi bila shida. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Katika seti ya taroti, uzazi unayo karata yake nyingine, ile ya Malkia Mkuu miongoni mwa turufu, aliyeketi mbele ya shamba la ngano na maporomoko ya maji. Huyo huzalisha. Malkia wa Dinari anakuja baadaye, wakati ngano imekwisha kuvunwa na lazima iamuliwe ngapi italiwa, ngapi itauzwa na ngapi itakuwa mbegu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetazama picha ya Smith kwa kuikumbuka methali hiyo ataona kwamba kile kilichopakatwa kinafanana sana na daftari. Mwanamke yule hasinzii juu ya sarafu. Anapiga hesabu.

Mfano wa karibu si wa kutafutwa mbali. Katika chama cha wanawake kinachochangishana fedha kila mwezi, yupo mmoja anayeshika kitabu. Anajua nani amelipa na nani hakulipa kwa sababu mtoto amelazwa. Anajua lini asisitize na lini anyamaze. Wenzake humwita mama, kwa heshima na kwa mapenzi, lakini hawamkabidhi fedha kwa sababu ya upole wake. Humkabidhi kwa kuwa hesabu zake hazipungui.

Karata ikipinduka

Karata inapotokea juu chini, Waite huipa maana za uovu, shaka, hofu na kutoaminiana. Kwa anayeshikilia sura ya mama mpole, orodha hii haieleweki: upole unageukaje kuwa shaka? Ndiyo maana vitabu vya baadaye vimeibadilisha, vikaweka kujisahau, kubana watoto kwa mapenzi yaliyopita kiasi, au kutegemea mali. Si maana mbaya, ila chanzo chake kimefichika. Ukikubali kwamba malkia ni mshika mali, maana za Waite husimama zenyewe. Mikono miwili inayopakata ndiyo mikono inayoweza kukataa kuachilia. Anayejua hesabu ya kila kitu anaweza kuanza kumshuku kila mtu. Na anayelishwa naye anaweza kugundua, akiwa amechelewa, kwamba kila sahani iliandikwa.

Aliyemchora malkia huyu hakuwa na bahati ya kuketi kwenye kiti kile. Katika barua ya mwaka 1909 kwa mpigapicha Alfred Stieglitz, Smith alitaja kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo kidogo sana. Kwa miongo mingi karata zilijulikana kwa jina la mchapishaji na la Waite, lake halimo. Alifariki Bude, Cornwall, mwaka 1951, akiwa na madeni. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo watafiti wameanza kuziita karata za Waite na Smith.

Linabaki suala la jina. Mfasiri angeweza kulifuata jina la wachezaji wa pwani na kuandika Bibi wa Uru, jina lenye ladha na historia. Kikwazo chake ni neno bibi, ambalo kwa msomaji mmoja ni mwanamke mheshimiwa, kwa mwingine ni nyanya, na kwa wengi walio bara nchini Kenya ni mke wa mtu. Huko Bibi wa Uru atasikika kana kwamba Uru ni bwana mwenye nyumba. Mama wa Ardhi, jina linalovutia kwa wepesi wake, ndilo la kuepukwa kuliko yote, maana humwondolea malkia enzi yake na sarafu yake kwa pigo moja. Malkia wa Dinari lina ukavu kidogo, lakini limebeba mali na cheo, na ulezi limeuacha kwenye mikono ya picha, mahali Smith alipouweka. Asiye na karata za taroti achukue za kawaida na kumtafuta bibi wa uru. Ni yuleyule, isipokuwa mbuzi na sungura hawapo, na sarafu imebaki alama ndogo nyekundu kando ya kichwa chake.